Kitakasa mikono hakifai kwa kila kirusi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie makala ya afya iliyowashauri wazazi kuwafungia watoto vitakasa mikono kwenye mabegi ili wasiambukizane kutapika na kuharisha shuleni. Kwa korona ushauri huo ungefaa. Kwa norovirusi, mmoja wa wasababishi wakubwa wa ugonjwa huo, msaada wake ni mdogo mno.

Sababu iko kwenye umbile. Kila kirusi kina vinasaba, ama vya DNA ama vya RNA, vilivyofungwa ndani ya ganda la protini. Hakili wala hakijigawi. Huingia kwenye seli hai na kuifanya itengeneze nakala zake. (Penisilini huvuruga ukuta wa bakteria. Kirusi hakina ukuta huo, lakini watu bado wanakimbilia antibiotiki kila mafua yakibisha hodi.)

Tofauti kubwa iko nje ya ganda. Virusi vya korona, UKIMWI na Ebola vina utando wa mafuta, vinaouchukua kwenye seli vinapotoka, na humo zimechomekwa protini za kushikia seli nyingine. Alkoholi ya asilimia 60 hadi 80, ndiyo iliyomo kwenye kitakasa mikono, huuharibu utando huo, na kirusi kikiupoteza hakiambukizi tena. Norovirusi, polio na homa ya ini A havina utando. Ganda la kirusi cha polio, lenye kipenyo cha nanomita 30 hivi (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), limejengwa kwa protini za aina 4, kila moja nakala 60 zilizobanana. Hapo alkoholi haikuti mafuta ya kuharibu. Nyongo nayo huyeyusha mafuta, ndiyo maana virusi vingi vinavyoenea kwa kinyesi ni hivi visivyo na utando.

Mikono basi ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, pamoja na kucha. Sabuni haiviui virusi hivi; inavibandua, maji yanavipeleka. Kwa hiyo beseni moja la kunawia darasa zima ni kugawiana ugonjwa, kwani chembe zisizofika 100 zinaweza kumwambukiza mtu. Ndoo yenye koki au kibuyu chirizi vinatosha.

Matapishi ndiyo yanayokosewa zaidi. Mtu huyamwagia jiki, dawa yenye klorini, papo hapo, na uchafu unaimaliza klorini kabla haijafika kwenye virusi. Vaa glovu, futa kwanza kwa karatasi au kitambaa cha kutupa, kisha mwagia klorini ya asilimia 0.5 na uiache dakika 10 kabla ya kupiga deki. Jiki ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji. Soma chupa, maana ikiandikwa asilimia nyingine hesabu inabadilika. Tumia maji baridi, kwa kuwa joto huidhoofisha klorini, na mchanganyiko wa jana umwagwe. Usitie siki wala dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi inayounguza mapafu.

Mtoto naye abaki nyumbani saa 48 baada ya kutapika au kuharisha mara ya mwisho. Hata akirudi akiwa mchangamfu, kinyesi chake huendelea kutoa virusi kwa siku kadhaa, kwa hiyo sabuni iwepo chooni, si ofisini kwa mwalimu mkuu.

Mtaalamu wa maabara,
Morogoro