Kaka alinisainia nitoke wodini, sasa bima wanasema mguu kupinda nimejitakia

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo. Mi ni mama wa watoto wawili nakaa Igoma hapa Mwanza, kazi yangu dagaa, nachukua mwaloni Kirumba nauza kwa ndoo, na msimu ukikubali natuma magunia mawili matatu Dodoma. Mnivumilie barua ni ndefu. Anayejua mambo ya bima za magari au sheria naomba asipite kimya kimya maana Ijumaa ya wiki ijayo natakiwa nikasaini karatasi na sielewi kama nasaini haki yangu au naifuta.

Ilikuwa mwaka jana mwezi wa tatu, saa kumi na moja alfajiri, nimepanda boda nawahi mwaloni. Tulipofika maeneo ya Mabatini gari dogo likatoka sheli bila kuangalia likatubamiza ubavuni. Boda alichubuka tu viwiko. Mimi nilipojaribu kusimama mguu wa kulia ukajikunja mahali ambapo hakuna goti, ndo nikajua. Dereva simsemi vibaya, hakukimbia, trafiki walikuja wakapima barabara, mahakamani akakiri kosa akalipa faini, na gari lake lina bima ndogo, ile ya kulipa watu wengine wanaoumizwa na gari, tuliingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima, tukaona stika iko hai. Kwa hiyo nani kamgonga nani hakuna ubishi, ubishi wote uko kwenye mguu wangu.

Nilipelekwa hospitali ya serikali, PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ikajazwa siku ile ile, eksirei ikaonyesha mifupa yote miwili chini ya goti imekatika na ule mkubwa umetoa vipande. Daktari akasema hapa P.O.P, ile plasta ngumu, peke yake haitoshi, inabidi upasuaji uwekewe chuma, kile vijana wa boda wanaita antena. Sawa, ila chuma tununue wenyewe, na foleni ya upasuaji nayo ilikuwa ndefu. Bima ya afya sina. Hela ya kikoba nilikuwa nimeichukua wiki mbili kabla nikaiweka yote kwenye mzigo. Bora ningekuwa na hiyo hela mkononi, lakini nani anapanga kuvunjika.

Siku ya tano wodini mama akafika kutoka Magu, kitanda cha jirani yangu kuna kijana wa boda alikuwa ametoka kukatwa mguu siku hiyo hiyo, mama akamwangalia yule kijana, akaniangalia mimi, akatoka nje hajasema kitu. Kumbe huko nje ndo kikao kilifanyika, mama, kaka yangu mkubwa na baba mdogo kwenye simu. Mi nilikuwa nimechomwa sindano ya maumivu nimelala. Nimekuja kuzinduka vizuri naona nabebwa naingizwa kwenye noah, kaka ananiambia tulia mdogo wangu, kuna mzee anaunga mifupa kule nyumbani, watu wanaenda wamebebwa wanarudi wanatembea.

Sitamdharau yule mzee hata leo. Alinikalisha kwenye mkeka, akauchua mguu kwa maji ya moto na samli nikalia mpaka sauti ikakata, akaubana kwa fito na vitambaa, halafu akachukua kuku akamvunja mguu naye akamfunga fito vile vile, akasema kuku akitembea na wewe utatembea. Kuku alitembea wiki ya tatu. Mi nilimaliza wiki nane pale, nikalipa laki tatu na arobaini kwa awamu kwa simu, na mbuzi mmoja juu. Risiti ndo hakuna, mzee hata kuandika jina lake anaweka dole gumba.

Nilitembea kweli, ila nilipoanza kushuka kwenye daladala nikagundua unyayo unaangalia nje, na mguu umekuwa mfupi kama upana wa vidole viwili. Fundi viatu hapa Igoma ameniongezea soli kwenye ndala ya kulia, kata mbili za tairi amegundisha, ukiniona kwa mbali nipo sawa, ukisikia nikitembea kwenye sakafu ndo utajua. Kubeba ndoo ya dagaa kichwani nimeacha, namlipa kijana anibebee, na wanawake wa mwaloni mnajua hiyo faida ya ndoo ikigawanywa inabaki nini, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi haiendi ziwani ndo kabisa.

Mwezi wa nane nikarudi hospitali, safari hii ya rufaa. Eksirei mpya inaonyesha mfupa umeunga lakini umeunga umepinda na umepandana. Daktari kijana, ana maneno mazuri, akasema unarekebishika ila lazima tuuvunje tena tuweke chuma, akanipa na mazoezi ya viungo mara sita. Nikaenda mara mbili tu. Bajaji kwenda na kurudi ni elfu nane na siku ya mazoezi ndo siku ya mzigo, hapo nakiri nilizembea, ila sikujua kwamba kuna mtu siku moja atakuja kuhesabu.

Huyo mtu ni afisa madai wa bima ya lile gari. Jina la kampuni sitaji. Nilipeleka kila kitu, PF3, ramani ya ajali, hukumu ya kesi ya trafiki, ripoti ya daktari, risiti nilizonazo. Akanikaribisha vizuri, dada karibu, maji ya baridi au ya kawaida, halafu akazipanga karatasi zangu mezani kwa tarehe kama mtu anayepanga karata. Akachukua biro akazungushia tarehe niliyotoka hospitali, akazungushia tarehe niliyorudi mwezi wa nane, akapiga mstari katikati. Akasema, "Dada, hapa katikati ulikuwa wapi?"

Nikamwambia ukweli wote, mpaka habari za kuku. Akatikisa kichwa kama anayenionea huruma, akafungua faili langu akatoa nakala ya karatasi ambayo mimi kwa macho yangu nilikuwa sijawahi kuiona. Fomu ya hospitali. Imeandikwa mgonjwa ameelezwa umuhimu wa upasuaji, amekataa, anaondoka kwa hiari yake kinyume na ushauri wa daktari. Chini kuna sahihi. Naijua ile sahihi, ndo ile ile iliyoko kwenye kadi yangu ya mahari, ya kaka. Na kwenye ripoti ya daktari kijana, ambayo iko kizungu na mi niliipeleka bila kuisoma, mtoto wa dada anayesoma kidato cha tatu alikuja kunisomea baadaye jioni, kuna mstari unasema kupinda huku kunatokana na matibabu ya kienyeji. Daktari kaandika anachokiona, simlaumu, ila huo mstari mmoja ndo umenikata.

Maana afisa anasema hivi, kuvunjika ni kwa mteja wetu, hiyo tunalipa, siku tano za wodi, dawa, eksirei ya kwanza na kitu kidogo cha maumivu. Kupinda ni kwako, ungefanyiwa upasuaji ungepona ukanyooka, na hata ulipoambiwa mazoezi hukwenda, kwa hiyo ulemavu na upasuaji wa kuunyoosha havituhusu. Jumla wanayotaka kunipa ni milioni moja na laki nane. Nisaini ile fomu wanaita dischaji, kwamba nimepokea na sitadai tena chochote kuhusu ajali hii. Nikacheka kwa uchungu, hospitali dischaji, bima dischaji, na kote nikisaini mimi ndo natoka.

Huo upasuaji wa kuunyoosha na vyuma vyake nimetajiwa milioni tatu na nusu.

Sasa nieleweni. Usiku nikiwa peke yangu naona yule afisa ana ukweli wake nusu, nilitoka kweli na mazoezi nilikacha kweli. Ila nusu nyingine hataki kuiona. Hospitali inataka hela mwanzo, bima inalipa mwisho, na hapo katikati ndipo anapokaa yule mzee na fito zake. Mimi sikukaa nikapima nikasema chuma sikitaki nataka kuku. Chuma kilikuwa hakinunuliki. Siku zile tano hakuna mtu wa bima aliyekuja wodini akasema mama tulia, hicho chuma ni juu yetu, leo ndo wanakumbuka kwamba chuma kilikuwa muhimu. Na mtu aliyelala na sindano anakataaje upasuaji? Kaka angeniamsha basi.

Nyumbani hatuelewani. Kaka anataka nisaini haraka tule hizo hela yaishe, na mi namwelewa, kila nikiitaja ile fomu anainuka anaenda nje. Mama yeye hataki hata kusikia neno upasuaji, anasema mguu unatembea unataka nini tena. Shemeji kaniletea jamaa mmoja anajiita mtaalam wa madai, anataka asilimia thelathini, na anasema atanitengenezea risiti za zahanati moja za wiki zote nane ili lile pengo lijae, na kwamba wenzangu wote wanafanya hivyo. Nilishawishika dakika mbili tatu, sitadanganya. Halafu nikawaza, afisa nimeshamwambia habari za kuku kwa mdomo wangu, leo nimpelekee risiti ya zahanati? Si ataitupa hata PF3 yangu ya halali, na kesi inigeukie mimi.

Nilienda pia kwa msaidizi wa kisheria wa kata, hachaji kitu, mama mtulivu sana. Aliniambia usisaini chochote cha kumaliza madai wakati matibabu bado hayajaisha, kwa sababu ukishasaini hata mguu ukikatwa kesho hurudi tena. Akasema kesi ya madai kama hii mahakamani ina miaka mitatu tangu siku ya ajali, kwa hiyo mda ninao ila usinidanganye. Akasema kabla ya mahakama naweza kulalamika TIRA, wana ofisi ya kanda hapa hapa Mwanza, na kuna msuluhishi wa migogoro ya bima. Kuhusu kuacha hospitali akasema sheria inamtaka aliyeumia naye ajitahidi madhara yasizidi, lakini kwa kiasi cha uwezo wake, na kukosa hela ni hoja ya kuijibu ile hoja yao, ila niwe na ushahidi kwamba hela haikuwepo. Hapo ndo nikabaki mdomo wazi. Umaskini unathibitishwaje jamani? Nina daftari la kikoba linaonyesha mkopo na tarehe, nina mesej za simu za kumlipa yule mzee, nina stakabadhi za ushuru wa mwalo za kabla ya ajali na za baada unaona magunia yalivyopungua. Hivyo vinatosha au wataniambia lete risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi?

Na kuna hili linaninyima usingizi kuliko yote. Je nikope nifanyiwe upasuaji sasa hivi kabla ya malipo, ili wasije kusema tena nimekataa matibabu mara ya pili? Au nikishanyooshwa mguu watasema umeshapona ulemavu uko wapi? Na ile sahihi ya kaka, naweza kuomba kaka aandike kiapo kwamba alisaini yeye mi nikiwa sijitambui, bila kumwingiza matatani? Hospitali nako, naweza kumwomba daktari aandike ripoti kamili zaidi, si kufuta ule mstari, aongeze tu kwamba mifupa ilikuwa imetoa vipande tangu siku ya kwanza na hata kwa chuma ingekuwa na shida, kama kweli ilikuwa hivyo?

Aliyepitia kama haya, hasa aliyekwenda kwa wataalamu wa mifupa wa kienyeji kisha akadai bima akalipwa au akanyimwa, aniambie alifanyaje. Mniseme pia kama nastahili ila mnisemee na cha kufanya. Ijumaa saa nne ndo natakiwa ofisini kwao. Mchana nakuwa mwaloni bando sina, ntasoma majibu usiku watoto wakilala.

Mchuuzi wa dagaa, Igoma