Kinachopimwa kwenye vepu sicho kinachovutwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa sigara za kielektroniki, ambazo vijana wengi wanaziita vepu. Karibu kila ninachosoma kuhusu vifaa hivi kinahusu nikotini na ladha. Ni haki vizungumziwe. Lakini mimi ni mwalimu wa uchomeleaji, kazi yangu ni vyuma na moshi wake, na kila nikikishika kifaa hicho jicho langu linakwenda kwenye waya. Kuna waya unaopashwa moto na betri, na upande wa pili kuna mdomo wa mtu. Mbona hatuulizi waya huo ni wa nini?

Fungua vepu iliyokwisha kutumika utaona mwenyewe. Katikati kuna koili, waya mwembamba uliozungushiwa pamba inayonyonya kimiminika. Mara nyingi waya huo ni nikromu, yaani nikeli na kromiamu, au ni mchanganyiko wa chuma, kromiamu na alumini. Pamba iliyokuwa nyeupe imegeuka kahawia na waya umeota utando mweusi. Kwenye miisho kuna viungo, vingine vya lehemu, vingine vya aloi za shaba, yaani shaba iliyochanganywa na metali nyingine, na aloi hizo mara nyingi hutiwa kidogo risasi, ile metali laini yenye sumu, ili zichongeke kwa urahisi kwenye mashine. Vyote hivyo vinalowa katika kimiminika kimoja tangu kifaa kinapotoka kiwandani, kikikaa ghalani, kikikaa dukani.

Wanafunzi wangu huniuliza swali la maana: nikromu huyeyuka karibu nyuzi 1,400 za Selsiasi, na koili ikifanya kazi yake ya kawaida haifiki hata robo ya hapo, sasa chuma kitaingiaje mapafuni? Jibu ni kwamba si lazima kiyeyuke. Kimiminika chenyewe hukila chuma polepole, na joto huharakisha kazi hiyo. Waya ukipashwa na kupoa, ukapashwa tena na kupoa, utando wa oksidi, ule mweusi uliouota, hupasuka na kubanduka, na chembe zake huondoka pamoja na matone ya kile kinachoitwa mvuke. Nasema kinachoitwa mvuke kwa sababu si mvuke wa maji kama wauzaji wanavyodai. Ni ukungu wa matone ya propilini glikoli na gliserini, ndivyo vimiminika vikuu vya vepu, matone madogo kiasi cha kupenya hadi kwenye vifuko vya hewa, chini kabisa ya mapafu, mahali ambapo makohozi hayafiki kusafisha.

Haya yamepimwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya vipimo vya vifaa vya watumiaji 56. Walipima kimiminika kikiwa bado kwenye chupa, wakapima kilichobaki ndani ya kifaa, kisha wakapima ule ukungu wenyewe. Kwenye chupa metali zilikuwa kidogo sana. Kimiminika hichohicho kilipogusana na koili, risasi, nikeli, kromiamu na manganisi zilipanda, na zikaonekana pia kwenye kile kinachovutwa. Karibu nusu ya sampuli za ukungu zilikuwa na risasi kupita kiwango cha usalama kinachotumiwa na wakala wa mazingira wa nchi hiyo. Mwaka 2025 wenzao wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walipima vepu za kutumia na kutupa. Kifaa kimoja kilitoa risasi nyingi zaidi kwa siku moja ya matumizi kuliko pakiti karibu 20 za sigara za kawaida. Baadhi ya risasi hiyo ilitoka kwenye vipande vya aloi ya shaba ndani ya kifaa, na nikeli na kromiamu ziliongezeka kadiri mtu anavyozidi kuvuta.

Sasa linganisha na karakana. Mtu akichomelea bati lililopakwa zinki mahali pasipo na hewa, jioni atatetemeka kwa baridi, viungo vitamuuma, mdomoni atahisi ladha ya utamu wa chuma. Nimewaona vijana wakipatwa na homa hiyo. Kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili, na ndiyo maana mafundi wengi huidharau, lakini kwangu mimi ni dalili kwamba mapafu yamepokea kitu yasichokitaka. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa uchomeleaji katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pale ambapo misombo ya nikeli na kromiamu ya aina ya VI ilikuwa imeshawekwa. Kwa hiyo tunafunga feni za kuvuta moshi, tunavaa barakoa, na mkaguzi akija anapima hewa ile inayoingia puani mwa fundi. Hajaridhika kamwe kwa kusoma lebo ya pakiti ya vijiti vya kuchomelea. Kwa vepu tunafanya kinyume: tunasoma lebo ya kimiminika kana kwamba koili haipo.

Na risasi ikimezwa na mtu mzima, sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka. Chembe zake ndogo zikifika ndani kabisa ya mapafu, karibu zote huingia damuni. Marekani ililipia somo la aina hiyo, kwamba kinachodhuru kidogo kwingine huweza kudhuru sana mapafuni, mwaka 2019, wavutaji wa vepu walipoanza kufurika hospitalini na mapafu yaliyojeruhiwa. Hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa 2,807, na 68 walikuwa wamefariki. Kisababishi kikuu kilikuwa mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye vepu za bangi, mafuta ambayo watu hujipaka usoni bila madhara.

Lakini kisa kilichonishika zaidi ni kingine cha mwaka huohuo. Madaktari wa San Francisco walieleza habari za mwanamke aliyekuwa na makovu kwenye mapafu ya aina wanayopata watu wanaosaga na kunoa vyuma vigumu vyenye kobalti. Ni ugonjwa wa karakana, na ni nadra sana. Huyu hakuwahi kufanya kazi hiyo. Alikuwa akivuta bangi kwa vepu, na walipokipima kifaa chake walikuta kobalti, pamoja na nikeli, risasi, kromiamu na manganisi. Mgonjwa mmoja hathibitishi janga, nalijua hilo. Lakini wasingejua lolote kama wasingekipima kifaa.

Sitaki kumdanganya mvutaji wa sigara. Sigara ya kawaida nayo ina metali, kadimi hasa, kwa kuwa mtumbaku huinyonya kutoka udongoni, na moshi wake una sumu nyingine nyingi mno. Aliyevuta miaka mingi akahamia vepu moja kwa moja, bila kuchanganya, amejipunguzia sumu nyingi. Mtoto ambaye hakuwahi kuvuta chochote hana alichopunguza. Na watoto ndio wanaofikiwa: Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema nchi 88 hazikuwa na umri wa chini wa kununua vifaa hivi, na nchi 74 hazikuwa na kanuni yoyote juu yake.

Ombi langu kwa wanaotunga kanuni ni kipimo kifanyike kwenye ukungu unaotoka mdomoni mwa kifaa, kifaa kikiwa kimekaa miezi kadhaa kama kinavyokaa dukani, na kikiwa kimevutwa hadi karibu kuisha. Aina ya waya na ya viungo iandikwe kwenye pakiti. Kwa madaktari, mgonjwa mwenye kikohozi kisichoisha akisema anavuta vepu, aambiwe arudi nacho kifaa, asikitupe.

Nawe, Mhariri, mwandishi wako atakapomhoji tena mwagizaji wa bidhaa hizi akaambiwa zimepimwa na ziko salama, naomba amuulize kilichopimwa ni cha chupani au ni kile kilichopita kwenye koili, kisha achapishe jibu lake.

Mwalimu wa uchomeleaji