Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu wa kujaribu toleo jipya

Assalam aleikum wanachama wote, mulioko Amu (Lamu) hapa mjini, Shela, Matondoni, na wale wetu wawili waliokwenda Mombasa kimasomo na bado wanatuma ada kila mwezi, Mola awabariki. Mambo ya hesabu atawasomea Bi mweka hazina mwenyewe, pesa ziko na risiti ziko, mimi huko sikai sana. Nataka nikae kwa jambo moja ambalo ndo limetushughulisha mwaka mzima wa 2025, hili toleo jipya la mchezo wetu wa Dungeons & Dragons, na kwanini kamati inawaomba mulipitishe leo.

Kwa waliojiunga juzi juzi, huu mchezo ulitoka Marekani mwaka 1974, waliobuni ni Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanakaa, mmoja ni msimulizi, waliobaki kila mtu ana mhusika wake, na pakiwa na shaka dadu ndo inaamua. Sisi tumekulia kwenye toleo la tano la 2014. Sasa 2024 wenye mchezo wakalirekebisha hilohilo la tano, hawakuliita la sita, kitabu cha wachezaji kikatoka Septemba, cha msimulizi Novemba, na cha viumbe Februari 2025.

Sisi tulipata kitabu kimoja tu, cha wachezaji, tulichanga, mwanachama akaja nacho kutoka Nairobi, na pale Mokowe kwenye boti kuja Amu wimbi likaingia kwenye mkoba. Kurasa za mwanzo ziligandana, ilibidi tuzianike darini siku mbili na kuzibandua moja moja kwa kisu cha siagi. Hatukupoteza hata moja. Nawashukuru sana waliofanya kazi ile.

Tulianza baada ya Idi, kwenye daka la nyumba ya katibu huko Mkomani, Ijumaa usiku kama kawaida. Hadithi ilikuwa yetu wenyewe, mji wa kale unaofanana na magofu ya Takwa, watu wameuhama na hakuna anayejua sababu. Msimulizi aliamua tusichanganye kanuni, kila kitu kipya kama kilivyoandikwa, kwanza tukijue ndo tukihukumu, na naona aliamua vizuri manake tungeanza kuchagua chagua tungebaki palepale tulipokuwa.

Kilichonigusa mimi zaidi ni mpiganaji. Munajua toleo la zamani mpiganaji zamu yake ilikuwa napiga, nimekosa, haya mwingine, na mwenye uganga ndo anazungumza usiku kucha. Sasa kila silaha ina ustadi wake. Panga kubwa hata ukikosa linamchuna adui kidogo. Fimbo ndefu ikimpata mtu inaweza kumwangusha chini asipojinusuru. Na kijana wetu wa Matondoni, anayejifunza uundaji wa majahazi, mtu mkimya, miaka miwili tuko naye hajasema mengi mezani, aliposoma hiyo ya fimbo akasema basi mimi mhusika wangu ni mcheza kirumbizi, ile ngoma yetu ya fimbo. Akasimama pale dakani akatuonesha vile bakora inavyopita chini kwa mguu. Kuanzia usiku ule kila zamu yake watu wanasogea wasikie, na mimi kama mwenyekiti ningependa hili liandikwe kwenye kumbukumbu za chama, manake tumekuwa tukiuliza kwanini wengine hawaongei kumbe kanuni zenyewe hazikuwapa cha kusema.

Sasa mabaya nayo niyaseme. Yule mcheza kirumbizi alipofika levo ya tano anapiga mara mbili kwa zamu moja, na kila pigo likiingia adui lazima arushe dadu ya kujinusuru asianguke, kwa hivo vita vikawa virefu mno, kuna usiku tulimaliza pambano moja tu na watu wana kazi asubuhi. Tukakubaliana msimulizi arushe dadu ya adui papo hapo wakati mchezaji bado anahesabu madhara, ikapungua, haijaisha. Na kushtukizwa nako kumelegea. Zamani ukivamiwa bila habari zamu ya kwanza imekupita, hufanyi kitu, sasa unarusha tu dadu mbili za kupanga zamu na kuchukua ndogo. Tulivamiwa kwenye mikoko usiku, giza, maji yanapwa, na wawili wetu wakatangulia kupiga kabla ya waliotuvizia! Mimi sikuridhika na mpaka leo sijaridhika, lakini wengi walipenda kwa sababu hakuna anayekaa bure kutazama wenzake.

Kanuni ya uchovu nimeipenda. Zamani ilikuwa jedwali la ngazi sita, kila ngazi na adhabu yake, lazima ufungue kitabu. Sasa kila ngazi inakutoa mbili kwenye dadu ya pande 20 na futi tano kwenye mwendo, ya sita umekufa. Mtu anaambiwa mara moja anashika.

Na hapo ndo nafika kwenye sababu yangu kubwa. Tarehe 22 Aprili 2025 wenye mchezo, Wizards of the Coast, walitoa kanuni za msingi za toleo hili bure, kwa leseni inayoruhusu mtu yeyote kuzichapisha, kuzibadilisha, hata kuzitafsiri, bora uwataje wao. Za toleo la zamani nazo ziliachiliwa Januari 2023, ukweli tulipitwa, hakuna aliyefuatilia kati yetu na miaka miwili ikaenda hivohivo. Kilichomo kwenye hati hiyo tu ndo ruhusa, si vitabu vizima, hilo tulishike sana.

Kwa hivo tangu Juni, upepo wa kusi unarusha makaratasi na sisi tunayagandamiza kwa mawe, kamati ndogo imekuwa ikitafsiri. Niwaambie kazi si maneno magumu, kazi ni yale madogo. Ile hali ya kurusha dadu mbili ukachukua kubwa tumeiita nafuu, na kinyume chake dhiki, na tulibishana wiki tatu kufika hapo. Pointi za uhai tumekata tukasema uhai basi. Neno kujinusuru alilileta bibi yake katibu, hachezi, alikuwa anapita na kahawa akasikia tunahangaika. Meza ya wasichana ya Jumamosi alasiri wamejaribu karatasi za mhusika kwa Kiswahili na wamesema hawarudi kwa zile za Kiingereza, na wawili kati yao walikuwa wameacha kuja kabisa, sa hii wako.

Tumekwama sehemu moja. Kwenye toleo jipya nyongeza za nguvu na wepesi na akili hazitoki tena kwenye asili ya mhusika, zinatoka kwenye kazi aliyokuwa nayo kabla. Jambo zuri sana hili, lakini kitabu kina kazi 16 na hati ya bure ina nne tu, mtumishi wa ibada, mhalifu, msomi na askari. Baharia hayumo. Amu bila baharia haiwezekani, kwa hivo tunatunga za kwetu, baharia, fundi wa majahazi, mkata mikoko, mwenye punda, na kitabu cha msimulizi kina maelekezo ya kutunga kazi mpya kwa hivo tunahitaji tukinunue.

Ombi la kamati basi ni hili. Hadithi ya zamani ya meza ya kwanza imalizwe kwa kanuni za 2014, wahusika wale wana miaka minne, tusiwavunje. Hadithi zote mpya kuanzia Januari ziwe kwa toleo jipya, kwa Kiswahili chetu, na kushtukizwa kila meza iamue wenyewe. Na shilingi za kitabu cha msimulizi zitoke kwenye akiba.

Karatasi za kura anazo katibu, mwenye jina la kazi ambalo tumelisahau aliandike nyuma ya karatasi yake. Na tafadhali aliyeondoka na dadu za kijani za chama Ijumaa iliyopita azirudishe, meza ya wasichana inazihitaji kesho.