Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: Mathenge inasafiri tumboni mwa mbuzi

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Marigat, Baringo. Najua mathenge, huu mti wa miiba, si habari mpya mezani pako. Mwaka 2006 watu wa jamii ya Ilchamus, wafugaji wa hapa Baringo, walimfikisha mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe kielelezo katika kesi yao dhidi ya serikali, meno yameozeshwa na utamu wa maganda ya mbegu za mti huu. Mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu hatari. Tangu hapo tunaambiwa neno moja: kateni, chomeni makaa, uzeni.

Makaa yamelipa karo za watoto wengi hapa, sibishi. Lakini kisiki kilichokatwa usawa wa ardhi hakifi. Mvua ikigusa tu kinachipuka pande zote, na palipokuwa na shina moja panafunga kichaka cha miiba. Kukiua ni lazima uchimbe ukate mzizi chini ya udongo. Mchoma makaa halipwi kwa kazi hiyo, na kwa kweli ana sababu gani ya kung'oa kinachompa gunia la mwakani?

Tatizo lenyewe liko kwenye maganda, ambayo mbuzi huyala. Pasua kinyesi cha mbuzi kilichokauka uone: mbegu zimo ndani, ngumu, nzima, tayari na mbolea yake. Mbuzi huyo analishwa kijijini Ng'ambo, hapa Marigat, anauzwa mnadani, anapakiwa kwenye lori na kushushwa kaunti nyingine. Atakachokipanda huko hakuna afisa anayekikagua. Mafuriko nayo yanabeba mengine hadi kando ya ziwa. Mti ulioletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili tupate kuni na kivuli sasa umemeza malisho, nasi bado tunahesabu magunia ya makaa kana kwamba ndiyo ushindi.

Ombi langu ni pesa zifuate maganda. Leta mashine za kusaga karibu na vijiji, akina mama na vijana walipwe kwa kilo wanazookota. Yakisagwa vizuri mbegu inakufa, na unga wake ni chakula kizuri cha mifugo wakati wa kiangazi. Mifugo inayotoka kwetu nayo ishikiliwe siku kadhaa ikilishwa nyasi safi, itoe kilicho tumboni kabla ya kupanda lori. Wafanyabiashara watalalamika, waache walalamike.

Jambo la mwisho ni sheria. Inamtaka mwenye ardhi ang'oe gugu, lakini malisho yetu ni ya jamii nzima, kwa hiyo notisi utampa nani? Weka vikosi vya kulipwa kule ambako mathenge ndiyo kwanza inaingia, wakati mche bado unang'oka kwa jembe. Huko ndiko kwa kuanzia, si hapa Marigat, ingawa naandika nikiwa hapa.

Wako,
Mfugaji, Marigat