Risala ya Wahitimu Wanne kwa Mgeni Rasmi, Louisville, Kentucky

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wachungaji, walimu wetu, baba zetu na mama zetu, na ninyi nyote wa jumuiya ya Wakongo wa Louisville, tunawasalimu kwa heshima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi tuliosimama mbele yako ni wanne. Watatu tulikulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Mwenzetu wa nne alitokea Uvira, akaingia kambini akiwa mgongoni mwa mamaye. Wiki iliyopita tulikabidhi mradi wetu wa mwaka wa mwisho katika masomo ya rangi na asili za watu. Kwa miaka minne wazazi wametuuliza shahada hiyo inaleta kazi gani. Ni swali la haki, maana wamekesha kwenye maghala wakipanga mizigo ili sisi tusome. Leo tungependa waijue kazi yenyewe.

Somo hili lilipatikana kwa kudaiwa. Novemba 1968 wanafunzi weusi wa chuo cha San Francisco State, California, wakiungana na wenzao wenye asili ya Asia, ya Mexico na ya wenyeji wa kwanza wa Amerika, waligoma kuingia madarasani. Mgomo ulidumu hadi Machi 1969, polisi wakiwapiga na kuwakamata. Mwaka huohuo chuo kikafungua kitivo cha masomo haya. Sisi tumekuta mlango uko wazi.

Mradi tuliuita "Nani Aliweka Mpaka Hapa?" Mwanzoni tulitaka kuandika habari za Wakongo tu: tulivyofika, tulivyopewa nyumba, tulivyohama. Mwalimu wetu akatutuma kwanza kwenye nyaraka za mji. Huko tukatambua kwamba habari za makazi ya mji huu zinaanza na watu weusi waliotutangulia.

Mwaka 1914 Louisville ilipitisha sheria ya kumzuia mtu mweusi kuhamia mtaa wenye weupe wengi, na mweupe kuhamia mtaa wenye weusi wengi. Kwa maandishi ilionekana kupima sawasawa. William Warley, mhariri mweusi wa gazeti na kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, hapa mjini, alipatana na Charles Buchanan, dalali mweupe wa nyumba, anunue kiwanja chake. Mkataba ulisema Warley halazimiki kulipa endapo sheria itamkataza kuishi pale. Akakataa kulipa, Buchanan akamshitaki, na kesi hiyo waliyoipanga kwa makusudi ya kuipinga sheria ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 5 Novemba 1917 majaji wote waliifuta sheria. Tulishangilia maktabani, kisha tukaisoma hukumu mara ya pili. Ilitetea zaidi haki ya mwenye mali kuuza mali yake kuliko haki ya Warley kuwa na jirani amtakaye. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, mpaka haukufa. Ulihamia kwenye masharti ya hati za nyumba yaliyokataza kuwauzia weusi, na miaka ya 1930 kwenye ramani za mikopo zilizopaka mitaa ya weusi rangi nyekundu, alama ya kutokopeshwa.

Ukurasa uliotuumiza zaidi ni wa mwaka 1954. Andrew Wade, fundi umeme mweusi, na mkewe Charlotte walitaka nyumba kwenye mtaa wa weupe. Anne na Carl Braden, mume na mke weupe, wakainunua kwa niaba yao. Risasi zikapigwa, msalaba ukachomwa, na mwezi Juni bomu likalipua upande mmoja wa nyumba. Hakuna aliyehukumiwa kwa bomu lile. Aliyefungwa ni Carl Braden, kwa kosa la uchochezi, akapewa miaka 15, ingawa hukumu hiyo ilitenguliwa baadaye. Mwenzetu aliyesoma nyaraka hizi alishindwa kuendelea siku hiyo. Nyumba ya babu yake huko Kivu nayo ilichomwa, na hakuna aliyeulizwa.

Tulipowasomea wazee wetu sheria ya 1914, mzee aliyekulia Lubumbashi hakushangaa. Alichora mezani kwa kidole: huku mji wa wazungu, huku sité, yaani makazi ya weusi, na katikati ardhi tupu waliyoiacha Wabelgiji ili watu wasikaribiane. Mama mmoja naye akatuambia, "Kambini fomu iliuliza kabila, nikaandikwa Mbembe. Hapa inauliza rangi, naandikwa Mweusi. Na Baraka yangu niiandike wapi?" Baraka ni mji wake kando ya Ziwa Tanganyika. Swali lake tumeliweka ukurasa wa kwanza wa mradi.

Mheshimiwa, kazi ilikuwa na ugumu wake. Fomu za ridhaa, za mzee kukubali kurekodiwa, zilikuwa za Kiingereza, na wazee walipoona kinasa sauti walidhani ni intavyuu ya ukimbizi tena. Baba mmoja aliuliza kwa hofu kama kesi yake imefunguliwa upya. Ilitubidi tuzime kinasa, tunywe chai, turudi wiki nyingine. Kuandika maneno yao ndiko kulikotula usiku mwingi zaidi, kwa sababu sentensi moja ilianza kwa Kiswahili, ikapita Kifaransa, ikaishia kwa Kibembe.

Tunayo maombi mawili. La kwanza, utusaidie kuzungumza na maktaba ya chuo ili sauti hizi zihifadhiwe huko, na maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili, wajukuu wa wazee hawa wazitafute kwa lugha ya nyumbani. La pili, fomu ya ridhaa ya Kiswahili tuliyoitafsiri wenyewe ipate kibali cha chuo, wadogo zetu watakaotufuata wasiwatishe wazee kama tulivyowatisha sisi.

Tunawashukuru wazee 11 waliokubali kusema nasi. Tunawaomba wasimame walipo ili uwaone. Nakala ya mradi iko mezani, imefungwa kwa kitenge kilichotolewa na mama wa Baraka. Kwa heshima tunakuomba uje uifungue pamoja naye.

Tunaomba kuwasilisha.