Kwenye geti la ushuru tuonyesheni kifungu

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa kooni tangu Alhamisi iliyopita, na najua siko peke yangu, wakulima wa viazi huku Mbeya yanatukuta wengi tu.

Nilitoa viazi mviringo shambani kwangu gunia saba, zote nimezipitisha kwenye mzani, hakuna iliyozidi kilo mia, lumbesa, yaani gunia la kujazia juu kupita kipimo, sifungi. Nikakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kuvileta sokoni Mwanjelwa. Kabla ya kuingia mjini kuna geti la ushuru la halmashauri moja, kijana akasimamisha gari, akazunguka nyuma, akabonyeza gunia mbili kwa kidole basi, akasema lipa ushuru. Nikamwambia yule kijana, huu mzigo haufiki tani, na ni wa shambani kwangu mwenyewe. Akasema kwa kubishana napigwa na faini, elfu hamsini. Mvua inanyesha, dereva anapiga honi maana na yeye ana mzigo mwingine unamsubiri, nikalipa. Risiti iliyotoka kwenye ile mashine nimeisoma mara tatu, haijaandikwa faini wala ushuru, imeandikwa "mapato mengineyo".

Sasa mimi naomba kuuliza, mapato mengineyo ni kosa gani?

Mwaka 2017 Waziri wa Fedha wa wakati ule, Dk. Philip Mpango, alisimama bungeni na bajeti akasema ushuru wa mazao unashuka kutoka asilimia 5 kuwa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mazao yasiyozidi tani moja yakisafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine yasitozwe. Tulishangilia kwa kweli. Ila kati ya bungeni na geti kuna safari ndefu, ikifika kwa kijana mwenye mashine inakuwa gunia ni gunia.

Mwanangu aliniprintia sheria ndogo za halmashauri pale stesheneri, nikakesha nazo. Humo kuna kifungu cha kufifilisha kosa, yaani mtu akikiri kosa kwa maandishi mkurugenzi anaweza kumtoza hela yakaisha bila kufika mahakamani, asipokiri anashtakiwa na hakimu ndo anaamua. Mimi hakuna aliyeniuliza kama nakiri, hakuna karatasi niliyosaini, kosa lenyewe mpaka leo silijui. Na Katiba yetu ibara ya 13(6)(a) inasema mtu haki yake ikiamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote apewe nafasi ya kusikilizwa na haki ya kukata rufani, sasa kusikilizwa gani huko kwa dakika mbili dirishani mwa gari?

Nimeambiwa naweza kwenda Mahakama Kuu kuomba uamuzi wa halmashauri upitiwe, na hapo kwanza niombe kibali, tena ndani ya miezi sita. Jamani kwa elfu hamsini! Wakili peke yake atataka mara kumi ya hiyo, ndo maana watu wanalipa wanaondoka na geti linaendelea hivyo hivyo kila msimu wa mavuno. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko ya namna hii na nitawaandikia, lakini mama anayeuza gunia mbili hana hata nauli ya kufuatilia.

Sina ugomvi na ushuru, barabara na zahanati zinatoka huko huko. Na yule kijana simlaumu sana, kapewa lengo la makusanyo asipofikisha anaondolewa. Ninachotaka ni kitu kidogo, pale getini pabandikwe sheria ndogo yenyewe na namba yake ya Tangazo la Serikali, imeshaandikwa kwa Kiswahili haina gharama ya kutafsiri, uwepo mzani, na anayetozwa faini aandikiwe kosa na kifungu na aambiwe akipinga anaenda wapi. Kama kifungu hakipo hela isichukuliwe.

Jumatatu nimepeleka barua kwa mkurugenzi nikaambatanisha kopi ya risiti, masjala wamenigongea muhuri wa kupokea. Nasubiri majibu, na yakija kwa maandishi nitakuletea, Mhariri, uyachapishe.

Mkulima wa viazi, Uyole, Mbeya