Dada wa kwenye kosta ya Tukuyu, asante

Dada uliyekaa na mimi siti ya nyuma kwenye kosta ya Tukuyu kuja Mbeya mwezi wa saba, jina lako sijui ila popote ulipo asante sana. Nilikuwa wiki ya tano ya dozi ya homa ya ini C, zile sofosbuvir na daclatasvir unameza kila siku wiki 12, kichwa kinauma, mwili umechoka kama nimelima shamba zima la viazi, na moyoni nilishaamua naacha.

Tulipofika Kiwira nikaanza kulia, wewe hukuuliza kitu, ukanifunika kitenge chako maana baridi ilikuwa kali, ukamimina uji wa ulezi kwenye mfuniko wa themosi ukanishikia mpaka nikamaliza sababu mkono ulikuwa unatetemeka. Nilipokwambia ninachoumwa nikajua utasogea. Hukusogea! Ukanywea mfuniko uleule, ukasema huu unaambukiza kwa damu mdogo wangu sio kwa kikombe, tena unapona kabisa, usikatize dozi. Na nyumbani walishanitengea sahani yangu jamani, iliniuma sana.

Ukashuka Uyole haraka haraka.

Sikukatiza dada. Wiki 12 baada ya kumaliza dawa nikapima tena, virusi havionekani. Kile kipimo cha kingamwili, yaani kinga ambayo mwili ulitengeneza kupigana na virusi, daktari kasema kinaweza kuendelea kusoma positivu hata miaka na miaka, nisishtuke.

Kitenge chako cha njano ninacho, nimekifua na kukipiga pasi, nakusubiri.